Mahindi Mabovu Si Chakula cha Kuku

Ini la kuku mwenye afya ni jekundu lililokolea, linang'aa, na kingo zake ni nyembamba. Katika kazi yangu ya afisa mifugo wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, nimepasua kuku wengi wa mayai ambao ini lao si hivyo. Limevimba na kupauka hadi kuwa na rangi ya udongo wa manjano. Ukilibonyeza linameguka. Mara nyingine lina vitone vya damu, na chini ya ngozi ya mapaja kuna mavilio ingawa hakuna aliyewapiga kuku hao.

Mwenye kuku huwa amesimama pembeni akinihesabia alichofanya. Kideri amechanja, ndui amechanja, dawa ya minyoo ametoa, vitamini ametia kwenye maji. Bado mayai yanapungua, na wanaokufa wanakufa mmojammoja, si kwa mkupuo kama kideri kinavyoua. Anashuku chanjo ilikuwa feki, au iliharibiwa na joto njiani. Yote mawili yawezekana, lakini kabla ya kuzungumzia chanjo namwomba anipeleke stoo.

Ninachokikuta huko nimekizoea. Magunia ya pumba yamelazwa juu ya sakafu na kuegemezwa ukutani. Mashudu ya alizeti yameshikana mabonge. Mahindi yaliyoparazwa yananuka uvundo, na ukiyachota mkononi vumbi lake lina ukijani. Nikiuliza yametoka wapi, naambiwa yalikataliwa na wanunuzi wa nafaka, yakauzwa kwa bei ya chini. "Ni ya kuku tu, daktari," aliniambia mama mmoja, mfugaji hodari kuliko wengi ninaowajua.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Tumejifunza kwa uchungu kuwaepusha watu na mahindi yenye sumu, na hilo ni jambo jema. Lakini mahindi tunayoyakataa hayatoweki. Yanashuka daraja moja hadi kwenye chakula cha kuku, na huko yanaendelea kuua na kufilisi.

Kuvu na sumu yake

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka, karanga, mbegu za mafuta na mabaki yake. Aina ni nyingi, lakini inayotuumiza zaidi katika ukanda wetu ni aflatoksini. Mtengenezaji wake mkuu ni kuvu aitwaye Aspergillus flavus, mwenye rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Makao yake ni udongo wa mashamba, na hustawi vizuri kwenye joto la nyuzi 25 hadi 35, joto ambalo sisi tunalo karibu mwaka mzima.

Wafugaji wengi hudhani kuvu huanzia ghalani, kumbe mara nyingi huwa ameshaingia shambani. Mahindi yakipigwa na ukame wakati wa kubeba, kinga ya mmea hudhoofika. Funza wakitoboa gunzi, wanamfungulia kuvu mlango. Sisi wa Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na mvua ikikatika Februari mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, tayari mbegu ya tatizo la mwaka mzima imeshapandwa. Baada ya hapo ghala huamua kama tatizo litabaki dogo au litakua. Nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu unaozidi asilimia 14 humpa kuvu anachohitaji.

Mambo mawili huwapotosha watu. La kwanza, kuvu anaweza kukauka na kufa huku sumu yake ikibaki. Mahindi yaliyopepetwa na kupanguswa yakaonekana safi bado yanaweza kuwa na sumu. La pili, sumu haisambai sawasawa. Katika gunia zima, punje chache zinaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu yote, kwa hiyo kuchota konzi moja juu ya gunia na kuikagua hakuthibitishi kitu.

Kiasi kinachodhuru ni kidogo mno. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kila kilo ya mahindi ya binadamu, na kati ya hizo aina kali zaidi, yaani B1, isizidi 5. Umoja wa Ulaya unaruhusu mikrogramu 20 za B1 kwa kilo ya chakula cha kuku wakubwa, na kwa vifaranga kikomo kinashuka zaidi. Mikrogramu 20 kwa kilo maana yake ni miligramu 20 kwa tani nzima. Weka chumvi kwenye ncha za vidole viwili, uigawanye katika magunia 10 ya kilo mia, na bado umezidisha.

Ndege ndio waliotuonya

Dunia ilijifunza habari za aflatoksini kutokana na ndege wa kufugwa. Mwaka 1960 huko Uingereza, zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa katika muda wa miezi michache. Hawakuwa na ugonjwa uliojulikana, na wataalamu wakauita ugonjwa X wa bata mzinga. Walipofuatilia kilichokuwa kimeliwa, walifika kwenye mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazili. Karibu na wakati huohuo, hapa jirani katika Bonde la Ufa nchini Kenya, maelfu ya vifaranga vya bata walikufa baada ya kulishwa chakula chenye karanga zilizoingia kuvu. Uchunguzi wa vifo hivyo vya ndege ndio uliowafikisha wanasayansi kwenye sumu yenyewe.

Baadaye zamu ya watu ikaja. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, katika maeneo ya Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa baada ya kula mahindi waliyoyahifadhi nyumbani. Mwaka 2016 msiba ukabisha hodi kwetu: katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68, na 20 wakafariki. Vifo vya ghafla ni sehemu tu ya madhara. Mtu anayekula kiasi kidogo miaka mingi anajiweka katika hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B.

Tangu 2016 kata zetu zimesikia neno sumukuvu mikutanoni, redioni na makanisani. Wanunuzi wakubwa wamekuwa wakali. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikaruhusu kwa masharti ya vipimo na vyeti. Wakulima wameelewa kwamba gunia bovu linaweza kurudishwa. Bado hatujaambiana gunia hilo lililorudishwa liende wapi.

Sumu inavyofika bandani

Chukua debe la mahindi na ulipeleke mashineni kukobolewa. Kuvu huathiri zaidi ganda na kiini cha punje, na kukoboa huondoa hivyo viwili. Unga wa sembe unatoka ukiwa na sumu kidogo kuliko mahindi yalivyoingia. Sehemu kubwa ya sumu imebaki kwenye pumba, na pumba hizo zinafungwa kwenye viroba na kuuzwa kwa wafugaji.

Alizeti ni hivyohivyo. Mbegu zikikamuliwa, mafuta hutoka na sumu nyingi hubaki kwenye mashudu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliopima mbegu na mashudu kutoka kwa wakamuaji wadogo wa mikoa kadhaa ya Tanzania, ulikuta sumu hiyo kwenye mbegu na kwenye mashudu, na baadhi ya sampuli za mashudu zilivuka mikrogramu 500 kwa kilo. Hayo ni mashudu yaleyale tunayotegemea kwa protini.

Ongeza hapo mahindi yaliyochambuliwa. Kina mama wanapochagua mahindi ya kusaga, punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa huwekwa kando. Ni kazi nzuri, na hupunguza sana sumu kwenye ugali. Kisha chenga hizo hutupiwa kuku uani, au hukusanywa na kuuzwa. Hivyo anayechanganya chakula cha kuku kwa pumba, mashudu na chenga anakusanya kwenye turubai moja kila kilichochujwa kutoka kwenye chakula cha watu. Katika michanganyiko mingi ya kuku wa mayai, mahindi na pumba ni zaidi ya nusu ya uzito wote. Kuku mmoja hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, na hana chakula kingine cha kupumzikia.

Safari nayo huongeza tatizo. Pumba hutoka Kibaigwa, huku kwetu Kongwa, zikiwa kavu, hupakiwa kwenye lori na kuteremshwa Kibaha au Dar es Salaam wakati wa masika. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Gunia lililokuwa salama Dodoma linaweza kuota ukungu baada ya wiki chache kwenye banda lenye joto lisilopitisha upepo. Halafu kuna maji yanayomwagika kutoka kwenye vinyweshio hadi kwenye vilishio, na chakula cha jana kinachoganda chini huku kipya kikimwagwa juu yake.

Madhara kwa ndege

Ndege hawalingani. Bata ndio dhaifu zaidi, wakifuatiwa na bata mzinga. Kuku ana ustahimilivu mkubwa kuwazidi, na ndiyo maana mfugaji hudanganyika: kuku wake hawafi, kwa hiyo anaamini chakula kiko sawa. Vifaranga ni dhaifu kuliko wakubwa.

Aflatoksini ikiingia mwilini huenda kwenye ini. Ini linapojaribu kuivunja, sumu hiyo hugeuka kuwa kitu kikali zaidi kinachoharibu chembe za ini lenyewe. Kwa kuku wa mayai hilo ni pigo la moja kwa moja, kwa kuwa mafuta na protini za kiini cha yai hutengenezwa kwenye ini. Ini likiugua, mayai hupungua idadi na ukubwa. Ini pia ndilo linalotengeneza vitu vya kugandisha damu. Vikipungua, kuku huvilia kwa kushikwa tu, na kuku wa nyama hufika buchani akiwa na mabaka.

Madhara makubwa zaidi hayaonekani kwa macho. Sumu hii huangusha kinga. Kwa kifaranga, viungo vinavyokomaza chembe za kinga husinyaa, na chanjo inayotolewa katika hali hiyo haijengi kinga inayotakiwa. Ndipo mfugaji anaponiambia amechanja na bado kideri kimeingia. Chanjo inaweza kuwa nzima na mchanjaji akawa hodari, lakini mwili wa kuku hauna nguvu ya kuitikia. Fedha ya chanjo imepotea, kisha fedha ya antibayotiki inapotea nyuma yake, na dawa zinatumika hovyo kutibu ugonjwa unaoingia bandani kila asubuhi kwa ndoo ya chakula.

Aflatoksini pia si peke yake. Okratoksini hushambulia figo. Sumu iitwayo T-2 huleta vidonda mdomoni, utaviona ukimfunua kuku kinywa. Fumonisini, inayotokana na kuvu wengine wa mahindi, mara nyingi hukutwa kwenye punje zilezile zenye aflatoksini. Zikiwa pamoja, kila moja kwa kiasi kidogo, madhara huongezeka.

Watu huniuliza kama sumu hufika kwenye yai na nyama. Kiasi kinachoingia kwenye yai ni kidogo sana, kidogo kuliko kile kinachopita kwenye maziwa ya ng'ombe aliyelishwa mashudu mabovu. Kwenye ini la kuku hubaki zaidi. Hakuna sababu ya kuogopa mayai, ila iko sababu ya kutaka kuku wetu walishwe vizuri, maana mlaji wa mwisho ni mtoto aliyepewa yai hilo ili akue.

Yasiyosaidia

Kupika hakusaidii. Aflatoksini huvumilia moto wa jikoni, na kuchemsha au kukaanga mahindi mabovu kutaua kuvu tu. Kuyaanika juani upya kutazuia kuvu asiendelee, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa itabaki. Kuchanganya magunia mawili mazuri na moja bovu ni kuambukiza mazuri, kwa sababu hakuna ajuaye lile bovu lina kiasi gani.

Zipo dawa za kufunga sumukuvu zinazochanganywa kwenye chakula. Nyingi zina udongo maalumu kama bentonaiti, ambao huishika aflatoksini tumboni ili itoke na kinyesi badala ya kuingia kwenye damu. Zinafanya kazi, na mchanganyaji makini anaweza kuzitumia kama kinga ya nyongeza kwa kipimo kilichoandikwa. Lakini udongo unaoshika aflatoksini vizuri haushiki T-2 ipasavyo, na hakuna dawa inayogeuza chakula kilichooza kuwa chakula. Nimeona wauzaji wakiziuza dawa hizo kama ruhusa ya kutumia mahindi yoyote. Si kweli, na mfugaji asikubali kuambiwa hivyo.

Yanayosaidia

Kazi huanza shambani. Tangu 2018 Tanzania imesajili Aflasafe, dawa ya kibiolojia iliyotokana na utafiti wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, IITA, na washirika wake. Ni punje za mtama zilizopakwa aina ya Aspergillus flavus isiyotengeneza sumu. Hurushwa shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Kuvu hao wapole huwahi nafasi na kuwazuia wale wenye sumu.

Mahindi yakikomaa, yavunwe bila kuchelewa na yaanikwe juu ya turubai au kichanja, kamwe si kwenye udongo. Yakauke hadi unyevu wa asilimia 13 hivi. Asiye na kipima unyevu atumie chumvi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu, weka mahindi hadi kama robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga na utikise vizuri, kisha iache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Isipoganda, unyevu uko chini ya asilimia 15. Anika siku nyingine moja au mbili ndipo uhifadhi. Mifuko isiyopitisha hewa, ile wengi waiitayo kinga njaa, huzuia wadudu na kumnyima kuvu hewa, ila ni kwa nafaka iliyokauka tu.

Kwa mfugaji anayenunua, nashauri hivi. Nunua mahindi mazima uparaze mwenyewe, kwa kuwa yaliyoparazwa hukuficha hali ya punje na huharibika upesi. Usikubali kuonyeshwa gunia la mbele. Tumia bambo, choma magunia mengi juu, katikati na chini, changanya ulichopata, ndipo ukague rangi, harufu na joto. Mashudu yaliyoshikana mabonge au yenye uvundo yaache palepale, hata kwa bei ya kutupwa. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na la zamani litumike kabla ya jipya. Changanya chakula cha wiki mbili au tatu, si cha miezi. Vilishio vikung'utwe na kusafishwa, na maranda yaliyolowa yatolewe, maana kuvu wa maranda nao huwaua vifaranga kwa kuingia kwenye mapafu. Unapochambua mahindi yenye ukungu, vaa barakoa.

Wanaochanganya chakula cha kuuza wana wajibu mkubwa zaidi. Nchi inayo sheria ya vyakula vya mifugo ya mwaka 2010, lipo Shirika la Viwango, na ipo Wakala ya Maabara ya Veterinari inayoweza kupima. Viko pia vipimo vya haraka vinavyotoa jibu papo hapo. Kiwanda kidogo kinachonunua tani kadhaa za mashudu kinaweza kabisa kupima mzigo kabla ya kuupokea, na kuandika matokeo yake.

Gunia bovu liende wapi?

Namwelewa mkulima aliyehangaika msimu mzima akaambiwa mahindi yake hayafai. Kumwambia ayafukie ni kumwomba achimbie fedha ardhini. Namwelewa pia mfugaji, kwa sababu chakula ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama zake, na bei ya chini humvuta. Kila mmoja anaitua hasara yake kwa mwingine, hadi inamfikia kuku, ambaye hawezi kukataa.

Hasara hiyo lakini haiishii kwa kuku. Humrudia mfugaji, mara nyingi mwanamke anayesomesha watoto kwa trei za mayai, kwa njia ya mayai yanayopungua, chanjo zisizofanya kazi na madeni ya duka la dawa. Akichukua daftari na kujumlisha hayo yote, ataona gunia la bei ya chini lilikuwa ghali kuliko yote aliyonunua mwaka huo.

Nchi zenye maabara kila mahali huweza kuelekeza mahindi yenye kiasi fulani cha sumu kwa ng'ombe wa nyama wanaokaribia kuchinjwa, ambao huvumilia zaidi. Marekani hufanya hivyo, kwa kipimo na kwa kumbukumbu. Sisi ambao bado hatupimi kila mzigo hatuna haki ya kubahatisha. Mahindi yaliyoota ukungu yafukiwe au yafanywe mboji mahali ambapo mifugo haifiki. Halmashauri zinazotoza ushuru wa mazao zitenge sehemu ya fedha hiyo kuweka kipimo sokoni na kumpunguzia mkulima uchungu wa kuharibu mzigo wake, hata kwa mfuko mzuri na turubai la msimu unaofuata. Vikundi vya wafugaji vinaweza kununua nafaka kwa pamoja na kuchangia gharama ya kupima.

Na wewe unayefuga, iwe ni kuku 20 wa uani au 2,000 wa banda, anza na sheria moja katika nyumba yako: punje ambayo hungethubutu kumsagia mwanao uji, usiiweke kwenye kilishio. Ukienda kununua, mwulize muuzaji mahindi haya yalivunwa lini na kwa nini bei yake iko chini. Akikujibu kwamba ni ya kuku tu, funga mfuko wako wa fedha uende kwa mwingine.